Muuguzi akipewa nafasi, wodi hubadilika



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo linalomhusu kila mtu mwenye mwili, maana hakuna aliyeandikiwa kutougua. Nataka tuitazame huduma anayoipata mgonjwa akiwa tayari amefika hospitali, amepewa kitanda, na ndugu zake wamekwisha kurudi nyumbani. Habari za uchache wa hospitali na za ubovu wa barabara tumekwisha kuzisema mara nyingi, na tutazisema tena. Leo swali langu ni jingine. Je, mgonjwa akishalazwa, anatendewa yale anayopaswa kutendewa, kwa wakati wake, kila siku na kila zamu? Na kama hatendewi, ni nani wa kwanza mwenye uwezo wa kurekebisha mambo?

Jibu langu ni kwamba mtu huyo ni muuguzi. Sisemi hivyo kwa kumdharau daktari, mtu wa maabara wala mfamasia. Nasema hivyo kwa sababu ambazo nitazieleza moja baada ya nyingine, na kila mmoja wenu azipime mwenyewe.

Kwanza tuone kwa nini swali hili limekuwa zito kuliko zamani. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 waliojifungua nchini Tanzania, 63 walijifungulia kwenye kituo cha huduma za afya. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wamefika 81. Katika kipindi hicho hicho, vifo vya wanawake vitokanavyo na ujauzito na uzazi vilishuka kutoka 556 hadi 104 katika kila vizazi hai 100,000. Hizo ni habari njema, na waliozifanyia kazi wanastahili pongezi.

Lakini habari hizo zina upande wa pili. Zamani mama aliyepoteza maisha aghalabu alifia nyumbani, au njiani akiwa amebebwa kwenye machela. Siku hizi mama huyo yumo ndani ya jengo la Serikali au la misheni, mkunga yuko chumba hicho hicho, na dawa iko hatua chache kutoka kitandani. Akipotea hapo hatuwezi kusingizia mto uliofurika wala lori lililokwama kwenye tope. Inatubidi tuulize nini kilitendeka kati ya kitanda na kabati la dawa.

Hapa kwetu mkoani Ruvuma jambo hilo lina uzito wake. Mgonjwa anatoka Tunduru, Namtumbo, Mbinga, au kule mwambao wa Ziwa Nyasa. Ndugu zake wameuza mahindi ili kupata nauli. Wengine huja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa hapa Songea mjini, wengine huenda Hospitali ya Mtakatifu Yosefu kule Peramiho, kilomita zipatazo 24 kutoka mjini. Wakishindikana hapo, safari inayofuata ni ndefu: kupita Njombe na Makambako hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya. Mtu aliyetoa jasho namna hiyo ili afike kwenye kitanda cha hospitali ana haki ya kukuta kitanda hicho ni mahali pa kupona.

Sasa, ubora wa huduma ni kitu gani? Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiria vigae, rangi mpya ukutani na mashine zinazotoa mlio. Hivyo vyote ni vizuri. Lakini mgonjwa aliyelala ubavu mmoja tangu asubuhi hadi jioni atapata kidonda cha mgandamizo hata kama chumba kina vigae vya Italia. Mama aliyefanyiwa upasuaji ataingiwa na usaha kwenye mshono ikiwa aliyemfunga bandeji hakunawa mikono baada ya kumhudumia jirani yake. Mtoto mwenye malaria kali atazidiwa ikiwa sindano ya saa nne usiku imechomwa saa tisa. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama zetu, wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hupata walau ugonjwa mmoja wa kuambukiza wakiwa humo humo hospitalini. Katika nchi tajiri ni 7. Yaani mtu anakuja na ugonjwa mmoja, hospitali inampa wa pili.

Ubora, basi, ni kumtendea mgonjwa linalopasa, kwa wakati unaopasa, bila kumwongezea madhara, na kufanya hivyo kila mara. Maneno yenye uzito hapo ni hayo ya mwisho: kila mara. Karibu kila wodi huwa na siku inayofanya vizuri. Kazi ngumu ni usiku wa Jumapili ufanane na asubuhi ya Jumanne wakati mganga mkuu anapita na wageni.

Na hapo ndipo muuguzi anapoingia. Daktari hupita wodini asubuhi, huandika kwenye faili, kisha huenda chumba cha upasuaji au kwa wagonjwa wa nje. Muuguzi hubaki. Ndiye anayepima joto, presha na mapigo ya moyo. Ndiye anayejua kwamba mzee wa kitanda cha sita hajakojoa tangu jana. Ndiye anayekabidhi zamu kwa mwenzake saa moja na nusu asubuhi. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba wauguzi na wakunga ni karibu nusu ya watumishi wote wa afya duniani. Mtu anayemwona mgonjwa saa zote ishirini na nne ndiye wa kwanza kuona mahali utaratibu unapovuja. Ni ajabu kwamba katika hospitali nyingi ndiye wa mwisho kuulizwa.

Jambo hili si geni katika historia. Florence Nightingale, yule muuguzi wa Kiingereza, tunamkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku. Kilichosahauliwa ni kwamba alikuwa mtu wa hesabu. Mwaka 1854 alikwenda na wanawake 38 kwenye hospitali ya kijeshi ya Scutari, ng'ambo ya Istanbul, wakati wa Vita vya Crimea. Walikuta askari wanakufa zaidi kwa kuhara, homa na kipindupindu kuliko kwa risasi. Mnamo Februari 1855 zaidi ya wagonjwa 40 katika kila 100 walikuwa wanakufa. Mwezi uliofuata ilifika tume ya usafi kutoka Uingereza, mifereji ya maji machafu ikazibuliwa na hewa ikaruhusiwa kupita majengoni. Kufikia Juni waliokufa walikuwa kiasi cha 2 katika kila 100. Vita vilipokwisha, Nightingale aliyapanga mahesabu yale kwa michoro ambayo hata mbunge asiyejua utabibu aliweza kuielewa. Mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa kwenye chama cha wanatakwimu cha nchi yake. Huruma alikuwa nayo, lakini huruma peke yake isingewashawishi wakubwa kule London. Kilichowashawishi ni daftari.

Tuje sasa kwetu. Mwaka 2007 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 8 za kwanza za Afrika kuanza mpango uliosaidiwa na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA. Hospitali iliyoanza nao hapa nchini ilikuwa ile ya Rufaa ya Mbeya, ndiyo hiyo inayopokea wagonjwa wetu wa Ruvuma. Mpango wenyewe ulizaliwa viwandani Japani, ukajaribiwa katika hospitali ya akina mama ya Castle Street mjini Colombo, Sri Lanka, kuanzia mwaka 2000, kisha ukaja Afrika. Huitwa Kaizen, neno la Kijapani lenye maana ya kubadilisha kitu kiwe bora, kidogo kidogo, bila kukoma. Sisi wenyewe tulikwisha kusema zamani kwamba bandu bandu huisha gogo.

Msingi wa mpango huo ni hatua tano ambazo kwa Kiswahili zimepewa majina yanayoanza na herufi S: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha na Shikilia. Kusasambua ni kutenga vinavyohitajika na visivyohitajika, kisha kuviondoa visivyohitajika: kitanda kilichovunjika mguu, makopo matupu, mafaili ya miaka kumi iliyopita yaliyolala juu ya friji ya chanjo. Kuseti ni kukipa kila kitu mahali pake na kuandika jina lake hapo. Kusafisha kunaeleweka. Kusanifisha ni kuufanya utaratibu uwe mmoja kwa wote, ili troli ya dharura ya wodi ya wanaume ipangwe sawa na ya wodi ya watoto, na muuguzi aliyehamishwa jana asitafute sindano. Kushikilia ni kuendelea hata baada ya mgeni rasmi kuondoka.

Mtu anaweza kucheka akasema haya ni mambo ya kupanga kabati, yanaokoa maisha ya nani? Nami nitamjibu kwa jambo nililoliona kwa macho yangu nikiuguza ndugu katika hospitali moja ambayo sina haja ya kuitaja. Usiku wa manane mgonjwa wa kitanda cha pili alianza kutapatapa kwa degedege. Muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wagonjwa wanaokaribia arobaini. Dawa ilikuwepo kabatini. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa umeondoka mfukoni mwa mtu wa zamu ya jioni. Alitumwa mlinzi aufuate, na mlinzi alikwenda kwa miguu. Mgonjwa yule hakufa, Mungu alimnusuru. Lakini ukiiweka habari ile mezani hutakuta daktari mzembe, wala dawa iliyokosekana, wala muuguzi asiye na moyo. Utakuta ufunguo usio na mahali pake. Hilo ndilo jambo ambalo wauguzi wenyewe, wakiketi nusu saa, wanaweza kulimaliza kwa msumari mmoja ukutani, daftari la kusaini na sharti kwamba zamu haikabidhiwi bila ufunguo.

Kupanga vitu, hata hivyo, ni mwanzo tu. Kazi yenyewe ya kuboresha huenda kwa mzunguko: kupanga, kujaribu, kupima, kurekebisha, kisha kuanza tena. Tuchukue mfano wa kubuni tu ili tuelewane. Wauguzi wa wodi fulani wanaona kwamba wagonjwa waliopooza wanapata vidonda vya mgandamizo. Hatua ya kwanza ni kuhesabu: mwezi uliopita tulilaza wangapi, wangapi walipata vidonda, na vilianza siku ya ngapi? Hatua ya pili ni kuuliza kwa nini, na kuuliza tena. Kwa nini vidonda? Kwa sababu hawageuzwi kila baada ya saa mbili. Kwa nini hawageuzwi? Kwa sababu muuguzi wa usiku ni mmoja na hawezi kumgeuza mtu mzima peke yake. Kuna nani mwingine wodini usiku? Kuna ndugu anayemuuguza mgonjwa, ila hajafundishwa, na anaogopa kumgusa. Basi wanakubaliana kujaribu jambo moja dogo kwa wiki mbili: kila ndugu anayelala wodini afundishwe kumgeuza mgonjwa wake akisimamiwa na muuguzi, na karatasi yenye saa za kugeuza itundikwe kwenye kitanda. Baada ya wiki mbili wanahesabu tena. Vidonda vikipungua, utaratibu unakuwa wa wodi nzima. Visipopungua, wanatafuta sababu nyingine bila kugombana.

Mfano huo nimeubuni. Lakini yapo matokeo halisi yaliyopatikana hapa hapa Tanzania, nami nitataja matatu.

La kwanza linatoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: akaushwe, asuguliwe mgongo, na akiwa bado hajavuta pumzi, apulizwe hewa kwa mfuko na kinyago kabla ya dakika ya kwanza kwisha. Pale Haydom wakunga walipewa mafunzo ya siku moja mwaka 2010. Kwenye mwanasesere walifanya vizuri sana. Walipotazamwa wakihudumia watoto wa kweli, karibu hakuna kilichobadilika. Hospitali nyingine ingeandika ripoti kwamba watu wamefundishwa, na mambo yakaishia hapo. Haydom waliweka mwanasesere karibu na chumba cha kujifungulia, wakunga wakafanya mazoezi mafupi ya dakika chache mara kwa mara, wakiwa kazini. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila vizazi 1,000. Mkono hukumbuka kwa kurudia. Kila mwanamke anayesonga ugali anajua hivyo, ila sisi tumezoea kudhani kwamba semina ya siku moja yenye chai na maandazi inatosha.

La pili linahusu mama anayetokwa na damu baada ya kujifungua. Kwa miaka mingi mkunga alikadiria damu kwa macho, akitazama shuka na sakafu, na macho hudanganya. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023 ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Katika hospitali zilizopewa utaratibu mpya, mama aliwekewa chini yake mfuko wa plastiki wenye mistari ya vipimo. Mkunga akiona damu imefika mstari wa hatari, alianza tiba zote kwa pamoja badala ya kujaribu moja na kuingojea: kusugua mji wa mimba, dawa ya kuukaza, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipani, na uchunguzi wa mahali damu inapotoka. Vifaa vyote vilikuwa tayari, mahali pamoja. Katika hospitali zilizoendelea na desturi ya zamani, kiasi cha nusu tu ya waliovuja damu kupita kiasi ndio waliotambuliwa. Penye mfuko walitambuliwa 93 katika kila 100. Na matatizo makubwa, yaani kuvuja lita moja au zaidi, kufanyiwa upasuaji au kufa kwa sababu ya damu, yalipungua kwa asilimia 60. Plastiki yenye mistari si mtambo mkubwa. Kilichofanya kazi ni kipimo, na mkunga kuruhusiwa kuanza tiba mara moja bila kungoja aitiwe mkubwa.

La tatu ni la Ifakara. Shirika la Afya Duniani lilipotaka kujaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla na baada ya upasuaji, lilichagua hospitali 8 duniani, katika miji kama London, Toronto na New Delhi. Moja ya hizo 8 ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransis, Ifakara. Orodha inauliza mambo ambayo mtu angeona aibu kuyauliza: huyu ni mgonjwa gani, anapasuliwa wapi, je, vitambaa na vyuma vimehesabiwa? Kazi ya kuisoma kwa sauti mara nyingi huwa ya muuguzi. Matokeo ya hospitali zote 8 kwa pamoja, yaliyotangazwa Januari 2009, yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka 11 hadi 7. Tafakari jambo hilo. Daktari bingwa ameshika kisu, na muuguzi anamwambia: subiri kidogo, hatujamaliza kuhesabu. Penye heshima ya namna hiyo mgonjwa yuko salama. Pale ambapo muuguzi akisema hivyo anafokewa, siku nyingine atanyamaza, na mgonjwa atashonwa na kitambaa tumboni.

Hapo tumefika kwenye kizuizi kikubwa kuliko vyote, nacho ni hofu. Katika sehemu nyingi za kazi, kosa likitokea swali la kwanza ni: nani kafanya? Ni swali la polisi. Muuguzi aliyetoa dozi isiyo sahihi akijua kwamba ataitwa ofisini, ataandikiwa barua na jina lake litatembea mji mzima, atalificha kosa hilo. Akilificha, mwenzake atalirudia mwezi ujao, kwa sababu chupa mbili zinazofanana bado zimekaa kwenye rafu moja. Swali linalojenga ni: imetokeaje, na tufanye nini isitokee tena? Sisemi mzembe asiadhibiwe. Aliyelewa kazini, aliyedai rushwa, aliyemtukana mama aliye na uchungu, hao sheria ipo na Baraza la Uuguzi na Ukunga lipo. Nawazungumzia wale walio wengi, wanaokosea wakiwa wamechoka, katika utaratibu unaorahisisha kukosea.

Kizuizi cha pili ni uchache wa watu, na hapa lazima niseme waziwazi. Kaizen isigeuzwe kuwa kisingizio cha kutokuajiri. Muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini hawezi kuokolewa na lebo nzuri kwenye makabati. Wauguzi wanaohesabu na kuandika wanapata angalau silaha ya kudai. Wakipeleka kwa mkuu wa hospitali karatasi inayoonyesha kwamba sindano za usiku zinachelewa siku ambazo zamu ina mtu mmoja, na hazichelewi zikiwa na wawili, hoja yao haiwezi kuitwa manung'uniko.

Kizuizi cha tatu ni maonyesho. Wote tunajua namna mji unavyopakwa chokaa kiongozi anapokuja. Vivyo hivyo mwaka 2015 hadi 2016 Wizara ya Afya ilipoanza kuvipima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya kwa nyota, 34 katika kila 100 havikupata hata nyota moja. Vilipopimwa tena mwaka 2017 hadi 2018, visivyo na nyota walibaki 4 tu katika kila 100. Hayo ni maendeleo makubwa, nami nayasifu. Lakini nyota iliyobandikwa mlangoni haina budi kuonekana pia usiku ndani ya wodi, la sivyo tumerudi kwenye chokaa.

Na sisi wananchi wa Songea je, tukae tukitazama? La hasha. Tunayo ya kufanya. Tukienda kumwona mgonjwa, tuheshimu saa za kutazama wagonjwa, tusikalie kitanda chake, na tunawe mikono tunapoingia na tunapotoka. Tumuulize muuguzi kwa adabu: sista, dawa hii ni ya nini, na nyingine ni saa ngapi? Swali la adabu humkumbusha aliyechoka. Tukiombwa kusaidia kumgeuza mgonjwa wetu, tusiseme hiyo ni kazi yenu mnayolipwa. Kama tumetendewa vibaya, tuandike na kutumbukiza kwenye sanduku la maoni, kwa tarehe, saa na wodi, badala ya kwenda kulisimulia jambo kwenye daladala la Lizaboni, ambako hakuna wa kulirekebisha. Tukitendewa vizuri, tuandike pia, maana wodi inahitaji kujua jambo la kuendelea nalo. Na wale waliochaguliwa kutuwakilisha kwenye bodi na kamati za afya, wasiulize tu dawa zimekuja maboksi mangapi. Waulize: mwezi huu wagonjwa wangapi wamepata vidonda wakiwa wodini, mishono mingapi imeoza, na wauguzi wamependekeza nini?

Nawageukia wauguzi wenyewe, wa hapa mjini, wa Peramiho, na mlio peke yenu kwenye zahanati za mbali. Msingoje mradi. Chagueni jambo moja dogo linalowakera kila zamu. Lihesabuni kwa mwezi mmoja kwenye daftari la kawaida. Ketini watatu au wanne, jaribuni njia moja, hesabuni tena. Mkifaulu, wafundisheni wa wodi ya pili. Mkishindwa, mtakuwa mmejua njia moja isiyofaa. Na ninyi wakuu wa hospitali, wasikilizeni. Mtu aliyekesha na mgonjwa usiku kucha anazo habari ambazo hazimo katika faili lolote.

Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza juu ya maji ya visima vya mitaani na namna ya kuyafanya yawe salama. Kwa leo, nawatakia afya njema, na walio vitandani Mungu awape nafuu.